Picha za likizo za kukuzwa na kutundikwa ukutani: namna ya kuchagua na kuediti kabla hujamwaga hela

Fremu_Nyeusi

Wakuu, sikukuu za mwisho wa mwaka zikiisha, na tena shule zikifungwa mwezi wa sita, ofisini kwetu anaingia mteja wa aina ileile. Katoka Lushoto, katoka Nungwi, katoka Ngorongoro. Simu imejaa. Anapekua pekua, anasimama kwenye moja: "Hii hapa, nataka kubwa ya sebuleni." Mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta kuliandaa hilo faili kabla halijaenda kwenye mashine ya kuchapa, na kwa ninayoyaona, watu wanamaliza nguvu kwenye kuediti wakati kazi yenyewe iko kwenye kuchagua. Picha iliyochaguliwa vizuri haina mambo mengi. Iliyochaguliwa vibaya, hata ukeshe nayo haisogei.

Ugumu ni kwamba picha uliyopiga mwenyewe unaitazama ukiwa na habari ambazo hazimo ndani yake. Unakumbuka mteremko mliopanda kwa miguu, baridi ya Magamba, mama mkwe akilalamika viatu vinambana. Mgeni atakayekaa kwenye kochi lako hana hata moja la hayo. Basi chuja zibaki chache, mpe mtu ambaye hakusafiri nanyi, usimweleze kitu, wewe mwangalie macho tu. Zile anazozipitisha haraka, hata kama ndizo zilizokutoa machozi, ziache kwenye albamu ya familia. Huko ndiko kwao.

Kipimo kingine hakihitaji mtu. Zirudishe picha kwenye galari ziwe ndogo kama stempu. Inayofaa ukutani bado utaitambua: ukingo wa mlima umekata mbingu, njia imepinda, mti umesimama peke yake. Isiyofaa inageuka uji wa kijani. Misitu ndiyo inayoponza wengi hapa. Ukiwa ndani yake ni raha tupu, ila kwenye picha ni majani yasiyohesabika, kila moja linataka litazamwe lenyewe. Picha ya msitu inahitaji mwanga unaopenya kwa pembeni, au ukungu unaofuta miti ya nyuma, au shina moja nene lililotangulia mbele. Bila hivyo, achana nayo.

Sasa pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, maana najua mtauliza. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4000 kwa 3000. Ukiichapa kwenye kanvasi (kitambaa kinachovutwa kwenye fremu ya mbao) ya sentimita 60 kwa 90 unapata kama pikseli 113 kwa kila inchi. Mtu akisikia hivyo anashtuka kwa sababu kaambiwa lazima ziwe 300. Hiyo 300 ni ya kitu unachokishika mkononi: jicho zima, kwa umbali wa sentimita 30, linatenganisha nukta kama 290 hivi ndani ya inchi moja. Rudi nyuma hadi mita 1, zinabaki kama 87. Mita 2, kama 44. Nani anatazama kanvasi ya sebuleni pua ikigusa ukuta? Kodak walikuwa na tangazo la picha pale stesheni ya Grand Central, New York, kuanzia 1950 hadi 1990, upana futi 60 na kimo futi 18. Abiria walikuwa wanaiona kutoka ng'ambo ya ukumbi, na mandhari za likizo zilikuwa miongoni mwa picha walizopenda kuweka pale.

Kwa hiyo simu ya kawaida inatosha, ila kwa masharti. Faili liwe lile la asili. Ukinitumia picha ya kawaida kwa WhatsApp, kinachonifikia kina pikseli kama 1600 upande mrefu, na hapo nikikwambia A4 usinune. Itume kama hati, au njoo na waya. Pia usiwe ulivuta kwa vidole wakati wa kupiga, kwa sababu huko kuvuta, lenzi yako ikishafika mwisho, ni kukata picha tu. Na usitambe sana na "simu yangu ina megapikseli 108". Nyingi katika matumizi ya kawaida zinaunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukupa hizohizo 12, mpaka uende kwenye mipangilio uchague mwenyewe.

Zikishabaki mbili tatu, zifungue kwenye kompyuta kwa asilimia 100 uzitembeze kona hadi kona. Unatafuta vitu hivi: mstari mweupe unaofuata ukingo wa mlima (simu imenoa, yaani imekaza kingo za vitu, kupita kiasi), majani yaliyolainika kama yamepakwa kwa brashi, ukingo wa zambarau kwenye matawi yaliyo mbele ya mbingu, na kama umetumia kamera kubwa, vidoa vya kijivu mbinguni, ambavyo ni vumbi kwenye kihisio, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Vidoa vinafutika. Mstari mweupe unapunguzika kwa shida. Majani yaliyolainishwa hayarudi.

Karibuni wenye maswali.

binti_wa_Chumbageni

Kaka asante, umenigusa penyewe. Tumetoka Lushoto na wanangu na ukuta wa juu ya kochi uko mtupu. Nina tatu, zote za pale jabali la Irente. Moja panorama, bonde lote linaonekana. Ya pili machweo, jua jekundu kabisa, hii kila mtu kaipenda nilipoiweka status. Ya tatu nimepiga kama saa tano asubuhi, kuna mti umeinama ukingoni mwa jabali na chini kule mashamba ya mkonge ya Mazinde, ila imefifia fifia. Kochi lina mita mbili na kidogo. Nichukue ipi?

Fremu_Nyeusi

Dada, kwa kochi la mita mbili, picha ya upana wa kama mita 1.2 hadi 1.5 ndiyo itakaa vizuri. Ndogo zaidi itaonekana imepotea njia.

Machweo najua utaumia, lakini sikiliza. Kioo cha simu kinawaka chenyewe, karatasi haiwaki. Pale jua lilipoungua likawa jeupe tupu, mashine haimwagi wino, kwa hiyo unabaki na tundu la rangi ya karatasi katikati ya wekundu. Na bonde lote chini limekuwa jeusi. Kwenye status ni moto, ukutani ni giza lenye tundu. Kama una nyingine uliyopiga jua likishazama, dakika chache baadaye, rangi zikiwa bado zipo na mwanga umetulia, hiyo nitumie.

Panorama ichunguze pale simu ilipounganisha vipande. Tafuta mtu aliyekatika mguu, waya uliovunjika, mstari wa upeo uliopinda kama upinde. Na jiulize jicho linatua wapi. Panorama nyingi zina kila kitu na hazina pa kutua.

Hiyo ya tatu ndiyo imenivutia bila hata kuiona. Mti mbele, shimo katikati, tambarare mbali: hapo kuna hatua tatu za umbali. Kufifia kunatibika. Itume kama hati.

Mzee_Kijiti

Nawapinga kidogo. Hizo kuediti zenu ndizo zinazofanya bahari ya Kendwa ionekane kama sharubati. Picha iacheni kama ilivyopigwa. Uzuri wa Mungu haurekebishwi.

Fremu_Nyeusi

Mzee wangu shikamoo. Kwenye sharubati tuko pamoja, ila hiyo "kama ilivyopigwa" kwenye simu haipo. Ukibonyeza mara moja, simu inapiga fremu kadhaa, inaziunganisha, inainua vivuli, inanoa, inaongeza rangi, ndipo inakuonyesha. Imeshaediti kabla yako, na ladha yake ni ya kioo kidogo.

Na hata enzi za filamu watu walikuwa wanafanya. Ansel Adams wa Marekani alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Nakala alizochapa miaka ya mbele zina mbingu nyeusi kuliko za mwanzo. Negativu ileile, mtu yuleyule, alikuwa anaamua upya kwenye chumba cha giza, kile cha kuchapia picha za filamu, kila alipochapa.

Kuhusu bahari yenyewe: ile zumaridi ya Nungwi na Kendwa ni kati ya rangi ambazo wino unashindwa kuzifikia kama kioo kinavyozionyesha. Ukiongeza rangi kwenye simu ili ing'ae zaidi, mashine inaibana yote kuwa bluu moja iliyolala, mawimbi yote yamefutika ndani yake. Dawa ni kwenda kinyume, kupunguza kidogo nguvu ya hiyo rangi peke yake, ili michirizi ya maji ibaki. Wenye Lightroom ya kompyuta, darktable au GIMP, kuna sehemu ya kuona rangi zitakavyotoka kwenye karatasi fulani. Omba duka wakupe faili la wasifu (ICC profile) wa mashine yao, linaloeleza rangi inazoweza kutoa. Wasipojua unazungumzia nini, umeshajua duka ni la namna gani.

binti_wa_Chumbageni

Nimeituma. Mti unaonekana, lakini huko bondeni ni kama kuna moshi.

Fremu_Nyeusi

Nimeiona, ni nzuri. Naandika nilichofanya hatua kwa hatua ili na wengine wafuate, hata kwa Snapseed ya bure utafika karibu na hapa.

Kwanza nimeinyoosha. Mstari wa tambarare ulikuwa umelala kulia kwa kama digrii moja. Kwenye simu huoni. Kwenye picha ya sentimita 90, digrii moja ni tofauti ya sentimita moja na nusu kati ya ncha na ncha, na ukishaiona siku moja utaiona kila siku. Kunyoosha kunakula kona, ndiyo maana ni kazi ya kwanza.

Pili nimekata. Simu inapiga uwiano wa 4 kwa 3, kanvasi ya 60 kwa 90, na hata ya 80 kwa 120, ni 3 kwa 2, kwa hiyo lazima juu au chini papungue. Mbingu yako ilikuwa tupu, nimekata huko. Tawi la juu la mti nimeliachia nafasi, lisiguse ukingo, maana kanvasi inakunjwa nyuma ya mbao.

Tatu, huo "moshi". Kuna kitufe cha kuondoa ukungu na watu wakikikuta wanakivuta hadi mwisho. Mbingu inakuwa chafu, mti unakuwa mweusi kama mkaa, na chembechembe zinatokea. Mimi nimekiweka chini ya nusu, na kwenye bonde tu, kwa barakoa (eneo unalolichagua ili badiliko liguse hapo tu) inayofifia kuelekea juu. Halafu nikaongeza joto la rangi hapohapo, kwa kuwa ukungu wa mchana unavuta kwenye bluu. Sasa mistari ya mkonge inaonekana. Ila sikuumaliza ukungu wote. Huo uliobaki ndio unaoliambia jicho kwamba kule ni mbali. Ukiufuta, tambarare inapanda na kugandana na mti, na lile shimo linalotisha pale Irente linapotea.

Nne, kivuli chini ya mti. Kwenye kioo chako unaona mawe. Punguza mwanga wa skrini hadi nusu, uone: yamekufa. Karatasi itatoka hivyohivyo. Nimeinua sehemu hiyo na picha nzima kidogo.

Kunoa ni mwisho kabisa, picha ikiwa tayari kwenye saizi itakayochapwa. Ukinoa mapema halafu ukakuza, unakuza na michirizi ya kunoa. Mbingu usiinoe.

savanna_boy254

Boss, niaje. Mimi niko Nairobi, nilikuwa Amboseli na lenzi ndefu, Kilimanjaro na ndovu mbele, lakini ukikuza ndovu na mlima wote ni soft. Focus ilikuwa sawa. Kuna njia ya kuokoa?

Fremu_Nyeusi

Ulipiga saa ngapi?

savanna_boy254

Kwenye saa sita hivi. Mlima ulikuwa umejificha, kisha mawingu yakafunguka kiasi nikapiga chap.

Fremu_Nyeusi

Hilo ni joto, si lenzi. Ardhi ikishachemka, hewa juu yake inacheza, na lenzi ndefu inaukuza huo mchezo. Ule ulaini umo ndani ya mwanga wenyewe kabla haujafika kwenye kamera, hakuna programu inayoujua ulitakiwa uweje. Ichape ndogo, A4 kwenye karatasi, itapendeza. Kwa kukuza tafuta ulizopiga alfajiri, hewa ikiwa imelala na mlima uko wazi. Na kama ulibana tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikipanda, tundu linakuwa dogo) ukidhani utapata ukali, hapo napo ulaini unaongezeka. f/8 au f/11 zinatosha mandhari nyingi.

Dot_Kubwa

Mnajichosha. Siku hizi kuna AI, unaipa picha ya WhatsApp inakurudishia ya bango. Adobe wana kitu chao tangu 2021, kinaongeza pikseli mara nne kwa kubonyeza tu.

Fremu_Nyeusi

Mkuu, nakitumia. Kinazidisha upana mara mbili na kimo mara mbili, ndiyo hizo mara nne, na kwa faili safi kinasaidia sana. Lakini faili lililoshindiliwa na WhatsApp lina vijiraba, na nyingi ya hizi programu hazijui kama kijiraba ni jiwe au ni uchafu. Uchafu nao unakuzwa na kuheshimiwa kama jiwe. Mawe na mawingu yanavumilia. Watu hawavumilii. Mlete yule mtoto aliyesimama mbali ukingoni, sura yake yote ni pikseli kumi, uone AI itakavyomtengenezea macho. Mama yake atamkana. Nikitumia hizo programu, watu wadogo nawarudisha kutoka faili la asili, wabaki na ukungu wao.

Halafu ni mara nyingi tu hukuhitaji kukuza. Rudi kwenye zile hesabu za umbali huko juu.

Mzee_Kijiti

Marahaba. Hapo kwenye mtoto nimecheka peke yangu. Swali: mnachapa kwenye nini? Niliwahi kununua picha ya kioo, mchana naona dirisha langu tu.

Fremu_Nyeusi

Mzee, kama ukuta unatazamana na dirisha, kioo cha kawaida na karatasi ya kung'aa uvisahau. Karatasi isiyong'aa au kanvasi. Karatasi isiyong'aa inakunywa weusi kidogo, vivuli havitakuwa vizito kama kwenye ile inayong'aa, ila utaiona picha saa zote. Jua la moja kwa moja linaua rangi za aina yoyote, hata muuzaji akuapie.

Kwa wa pwani, Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, unyevu ni adui mwingine. Karatasi iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo inashikamana nacho, na ukija kuitoa inachanika. Weka paspatuu katikati, ile kadi pana inayozunguka picha, ipate hewa. Na usitundike kwenye ukuta unaotoa chumvi. Kanvasi nayo iachie upenyo nyuma, ule ukuta wa bafuni uache kabisa.

binti_wa_Chumbageni

Kaka, mume wangu anasema tuchape tu hiyohiyo ya kwanza kubwa, hakuna haja ya majaribio, hela ni hela.

Fremu_Nyeusi

Mwambie shemeji jaribio ndilo linalookoa hela. Hatuchapi picha nzima ndogo, maana ikiwa ndogo kila kitu kinaonekana kikali. Tunakata ukanda wa A4 kutoka kwenye faili la saizi kamili, upite kwenye mti, kivuli na kipande cha bonde, tunauchapa peke yake kwenye kitambaa kilekile. Uchukue nyumbani, ubandike pale juu ya kochi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uutazame asubuhi na usiku taa zikiwaka. Taa za nyumbani zina unjano, na nyeupe ya mchana haitafanana na ya usiku.

binti_wa_Chumbageni

Ukanda nimeupokea na nimeubandika. Mchana uko sawa kabisa, mistari ya mkonge naihesabu. Usiku mawe ya chini ya mti yanapotea tena, na mume wangu anasema bonde limekuwa la kahawia mno.

Fremu_Nyeusi

Shemeji ana jicho. Lile joto nililoongeza bondeni limejumlishana na taa yenu. Nalirudisha nusu, na mawe nainua kidogo tena. Ukanda wa pili ukikubali tunaenda na sentimita 80 kwa 120. Kwa picha yako ni kama pikseli 85 kwa inchi, na kochi linamweka mtu mbali ya kutosha. Niambie pembeni pakunjwe vipi: picha iendelee hadi kwenye unene wa mbao, au pembeni pawe rangi moja? Ikiendelea, inakula sentimita nne kila upande na lile tawi la juu litakunjwa.

binti_wa_Chumbageni

Rangi moja. Tawi lisiguswe, ndilo mwanangu alilokuwa analishika.

savanna_boy254

Boss nimepata moja ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hakuna ndovu lakini mlima ni kali. Natuma kama document.